Ajali ya mdogo wangu ni kioo changu? Kabala inasema nini hasa

Marahaba dada yangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili ilikuwa usiku watu wameshalala, nikaona hapana, huyu nisimjibu kwa mistari mitatu kama navyofanyaga.

Kwa wengine mnaosoma bila kuliona swali, ni hivi. Dada yuko Mwanza, rafiki yake alimwingiza kwenye grupu la wasap la kujifunza Kabala, ile elimu ya siri ya Kiyahudi. Mwezi uliopita mdogo wake anayeendesha bodaboda kagongwa na gari, mguu umevunjika sehemu mbili, wamemwekea vyuma. Dada kaandika kwenye grupu wamwombee, na mama mmoja anayefundisha humo akamjibu kwa voisi kwamba kwa mujibu wa Kabala hakuna kitu nje yako, kila unachokiona ni kioo cha hali yako ya kiroho, kwa hiyo ajali ya mdogo wako inatokana na kitu ndani yako ambacho hujakisafisha. Sasa anauliza, ni kweli Kabala inafundisha hivyo? Na kama ni kweli, asafishe nini? Mwishoni akaongezea na la bosi wake anayemcheleweshea mshahara, kama na yeye ni kioo.

Naanza na jibu lenyewe ili usisome mpaka chini roho ikiwa juu juu. Hilo wazo la kioo lipo kweli kwenye Kabala, wala halikuzaliwa Tiktok, lina miaka mia kadhaa na lina watu wakubwa nyuma yake. Ila kulibeba ukaenda kumwekea mtu ambaye ndugu yake kalala wodini, hilo Wayahudi wenyewe wamelikataza, na ntakuonyesha wapi. Mguu wa mdogo wako umevunjwa na gari iliyomgonga, lala usingizi dada. Halafu tukae tuliongee hilo la kioo taratibu, maana ni wazo zuri kwelikweli na ni huruma ukilijua kwa upande huo tu.

Niseme pia mi si Myahudi wala sina mamlaka yoyote kwao, nimesomea dini na nimefundisha historia ya dini miaka mingi, Kiebrania changu ni cha kusomea kamusi ikiwa pembeni. Kwa hiyo nichukulie kama jirani aliyechungulia sana dirishani.

Kitabu kikuu cha Kabala ni Zohar, maana yake mng'ao. Kimeandikwa sehemu kubwa kwa Kiaramu na kilianza kuonekana Hispania miaka ya 1280 hivi. Wenye imani yao wanasema ni maneno ya Rabi Shimon bar Yohai wa karne ya 2 kule Galilaya, wanahistoria wengi, hasa baada ya kazi ya mtafiti wa Kabala Gershom Scholem, wanasema mwandishi mkubwa ni Moshe de León aliyefariki 1305, hiyo kesi tuwaachie. Humo ndani, kwenye sehemu inayofafanua kitabu cha Kutoka, kuna maneno kwamba ulimwengu wa chini muda wote umekaa kupokea, na ulimwengu wa juu unaupa kulingana na sura unayoukuta nayo, ukisimama na uso unaong'aa na juu wanaung'alia, ukisimama umenuna na huzuni basi unapewa upande wa hukumu. Ndo maana wafuasi wengi wa njia hii wanahimizana furaha mpaka wageni wanashangaa, watu wanaimba na kucheza na mfukoni hamna kitu.

Baadaye elimu hii ikahamia Safed, mji mdogo wa milimani huko huko Galilaya. Mwaka 1548 Moshe Cordovero akamaliza kitabu chake kikubwa, na humo kuna mfano ambao mi naupenda kuliko mifano yao yote. Maji hayana rangi, sawa? Yamimine kwenye vyombo vya rangi mbalimbali, ya chombo chekundu utayaona mekundu, ya kijani utayaona kijani, na maji yenyewe hayajaguswa na rangi hata tone. Au mwanga wa jua ukipita kwenye vioo vya rangi kumi. Yeye alikuwa anaeleza zile sefiroti kumi, yaani njia kumi ambazo nuru ya Mungu inajitokeza, na jinsi Mungu asivyobadilika hata kama kazi zake zinaonekana tofauti tofauti, leo huruma kesho ukali. Waliomfuata wakaushusha huo mfano mpaka kwa mtu mmoja mmoja, kwamba na wewe ni chombo, na rangi unayoiona duniani imepitia kwako kwanza.

Sasa mtu aliyelifanya hili liwe la mama ntilie na mkata kuni, sio la wasomi tu, ni Israel ben Eliezer, anaitwa Baal Shem Tov, aliishi kama 1698 mpaka 1760 huko ambako leo ni Ukraine, miaka yake ya mwisho alikuwa mji wa Medzhybizh. Yeye hakuandika vitabu, maneno yake yaliandikwa na wanafunzi, kitabu cha kwanza cha njia yake kilichapwa 1780 yeye ameshafariki miaka ishirini nyuma. Kwa hiyo ukisikia Baal Shem Tov kasema, ujue ni inasimuliwa kwamba kasema.

Kuna sehemu mbili alicheza na maneno na ukizielewa hizo mbili umeshaelewa kioo chote.

Ya kwanza ni Zaburi ya 121. Kwenye Biblia yetu mstari wa 5 unasema Bwana ni uvuli mkono wako wa kuume. Uvuli, pale unapokimbilia jua likichoma. Kiebrania neno ni tsel, na tsel ni uvuli na ndo hilo hilo kivuli, wao hawana tofauti kama tuliyonayo sisi. Basi Baal Shem Tov akasoma upande wa pili, Mungu ni kivuli chako. Ukiinua mkono kinainua, ukikunja ngumi kinakunja, ukifungua kiganja kinafungua. Ukiwa na mkono wazi kwa watu, mkono wa juu nao unakuwa wazi kwako. Mi nikisoma hiyo huwa nafurahi kwamba Kiswahili kinaweza kuonyesha mchezo huo kwa herufi mbili tu, lugha nyingi haziwezi, inabidi waandike maelezo marefu chini.

Ya pili ndo inayokuhusu hasa. Kwenye Walawi 13 na 14 kuna sheria za ule ugonjwa wa ngozi ulioitwa ukoma, na kama unakumbuka haukuwa kwenye ngozi tu, ulikuwa unatokea mpaka kwenye nguo na kwenye ukuta wa nyumba. Ukuta! Maimonides, yule mwanasheria na tabibu wa Misri aliyefariki 1204, anaeleza jadi ya marabi kwamba ilikuwa ni adhabu ya kusengenya na ilikuja kwa hatua, kwanza ukuta wa nyumba unabadilika rangi, mtu asipoacha mdomo inahamia kwenye vitu vyake vya ngozi na nguo, asipoacha tena inafika mwilini. Maimonides si mtu wa Kabala kabisa, ila hapo unaona mzizi wa wazo ni wa zamani kuliko Kabala, kwamba ukuta wako unaweza kuongea habari za mdomo wako.

Aliyeruhusiwa kuamua kama hili ni pigo au si pigo ni kuhani. Mishna, sheria za marabi zilizokusanywa mwanzoni mwa karne ya 3, inasema mtu anaweza kukagua mapigo yote isipokuwa ya kwake mwenyewe. Unaona sisi tunavyosema nyani haoni kundule huliona la mwenziwe? Ndo hiyo hiyo. Sasa neno la Kiebrania kwa "isipokuwa" hapo ni chutz, na chutz ni "nje" pia. Inasimuliwa Baal Shem Tov aliigeuza ikasomeka hivi: mapigo yote mtu anayoyaona nje, ni kutokana na mapigo yake mwenyewe. Yaani ile dosari unayoiona kwa mwenzio na inakuchoma kuliko inavyowachoma wengine, rudi ndani, ina binamu yake humo.

Nikupe mfano wangu wa aibu. Miaka ya nyuma nilikuwa na mwenzangu kazini, mtu wa kujisifu ajabu, akifungua mdomo ni semina aliyoalikwa, ni nani kamsalimia, na mimi nikawa nimemchoka mpaka nikisikia hatua zake koridoni najifanya naongea na simu. Wenzangu wengine walikuwa wanamcheka tu maisha yanaendelea, mi ndo nilikuwa nalala na hilo jambo. Siku moja namwandikia mtu barua pepe nalalamika kuhusu yeye, nikashusha macho chini kwenye saini yangu, mistari minne ya vyeo na digrii, na moja ni ya kozi ya wiki sita. Nikaifuta ile barua. Jamaa aliendelea kujisifu vilevile sikudanganyi, ila zile hatua koridoni ziliacha kunipandisha presha.

Na hapo watu huuliza, je nikimwona mwizi na mimi ni mwizi? Wanafunzi wake wanasimulia alishawahi kumwona mtu anaivunja Sabato, akaenda kujikagua yeye ameivunja wapi, hakuiona popote, akaendelea kutafuta mpaka akakumbuka siku mwanachuoni mmoja alitukanwa mbele yake na yeye akanyamaza, na Zohar inasema mwanachuoni anaitwa Sabato. Unaweza kusema huko ni kujitafuta mno na mi sikatai. Ila tazama kitu kimoja, hakwenda kwa yule mvunja Sabato kumwambia kioo chako kichafu. Alijikagua yeye, kwa alichokiona yeye, basi.

Wasomaji Waislamu najua mpaka hapa mmeshasema mbona hii tunayo, na ni kweli, muumini ni kioo cha muumini mwenzake, na ile aya ya Surat Ra'd kwamba Mwenyezi Mungu habadilishi yaliyo kwa watu mpaka wabadilishe yaliyo nafsini mwao. Sisemi ni kitu kimoja, kila nyumba ina mlango wake, ila mtu wa Pwani hili somo halimpigi chenga kama linavyompiga mtu aliyekulia kwenye "kila kitu ni bahati tu".

Sasa huyo mama wa kwenye grupu, kwa maneno yake ya "hakuna kitu nje yako", nahisi kasoma au kasikia mambo yanayotoka kwa Yehuda Ashlag, maana makundi mengi ya Kabala ya mtandaoni siku hizi yanatoka kwake moja kwa moja au kwa kuzunguka. Ashlag alizaliwa Warsaw 1885, akahamia Yerusalemu 1921, akafariki 1954. Aliandika ufafanuzi wa Zohar wote akauita Sulam, ngazi, ndo maana wanamwita Baal HaSulam, mwenye ngazi. Kwenye utangulizi wake mmoja wa Zohar anasema jambo la ajabu kwa mtu wa zama zake: sisi tunaona ulimwengu mkubwa mbele yetu umejaa vitu, lakini ukweli tunauona ndani tu, kwenye ubongo wa nyuma kuna kama mashine ya picha inachora kila kitu, na Mungu kaweka humo kitu kama kioo kilichosuguliwa kinachogeuza ile picha ili tuione kana kwamba iko nje, mbele ya uso wetu.

Ukiisikia juu juu utasema ndo hivyo basi, nje hakuna kitu. Ila msome mpaka mwisho. Ashlag anagawa ujuzi wetu sehemu nne, kuna kitu chenyewe kwa umbo lake la kugusika, yaani mata, kuna sura iliyovaliwa na hiyo mata, kuna sura ukiitoa kwenye mata ukaifikiria peke yake, na kuna kiini cha kitu. Hiki cha nne anasema hatukifikii kabisa, hata kwa kuwaza. Maana yake kiini kipo! Hajasema hakipo, kasema hakishikiki na sisi.

Nikupe mfano wangu wa nyumbani. Ile mita ya luku pale ukutani inasoma uniti zilizopita kwenye nyumba yako. Inakuambia ukweli mtupu kuhusu matumizi yako, pasi umeacha imewaka, friji la zamani linakula sana. Haikuambii chochote kuhusu bwawa la Mtera lina maji kiasi gani, na akija mtu akaisoma mita yako akakuambia "bwawa limekauka kwa sababu ya pasi yako", utamtoa nje kwa heshima. Kioo cha Ashlag ndo mita. Kinasoma wewe umepokeaje. Cha kwa nini gari lile lilikata kona vile saa ile, hicho mita haina.

Na neno kusafisha, au wao wanavyosema kurekebisha, tikun, kwa Ashlag halina maana ya kutafuta dhambi iliyojificha chini ya kitanda. Kwake mtu kaumbwa na tamaa ya kupokea, hiyo si mbaya, mbaya ni kupokea kwa ajili ya nafsi yako tu. Umbali wa kiroho haupimwi kwa mita wala kilomita, unapimwa kwa kufanana, watu wawili mmebanana kiti kimoja cha daladala mnaweza kuwa mbali kuliko Mwanza na Yerusalemu. Mungu kwa mtazamo wake ni kutoa tu. Kwa hiyo kila nia yako inapogeuka kutoka "nipate mimi" kwenda "nimpe huyu", unafanana naye kidogo zaidi, na ulimwengu ule ule ulioukuta jana unaanza kuuona kwa rangi nyingine. Vitu ni vile vile. Hapa ndo Kabala inaachana kabisa na zile klipu za "vuta utajiri kwa mawazo", maana mule kioo ni cha kukuletea gari, huku kioo ni cha kukuonyesha unavyolitamani hilo gari. Mi naona hilo ndo kosa kubwa zaidi linalofanywa na wanaouza Kabala mtandaoni, wamechukua dawa ya tamaa wakaitangaza kama mbolea yake.

Haya, nilikuahidi makatazo.

Anza na ile ile Mishna ya mapigo, maana hoja ya kioo ya huyo mama inatoka humo ila haiimalizi. Baada ya kusema mtu hakagui mapigo yake mwenyewe, Rabi Meir anaongeza: wala ya ndugu zake. Soma tena dada. Wala ya ndugu zake. Hata angekuwa kuhani mkubwa, kwa pigo la mdogo wake hana ruhusa ya kutoa hukumu, yuko karibu mno, jicho limejaa machozi litaona nini. Kwa hiyo wewe hapo ulipo, unapolala unawaza ni nini nilifanya mdogo wangu akagongwa, kwa sheria hii kesi hiyo si ya kwako kuikagua.

Pili, Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, kwenye sehemu inayoitwa Bava Metzia inazungumzia dhambi ya kuumiza kwa maneno, na mfano mmoja wanaotoa ni huu: mtu amefikiwa na mateso au magonjwa, au amezika watoto wake, usimwambie kama rafiki za Ayubu walivyomwambia. Unawakumbuka Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuja wakakaa naye siku saba kimya, hapo walifanya vizuri, tatizo lilianza walipofungua mdomo, "kumbuka, ni nani asiye na hatia aliyewahi kuangamia". Na mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu imewaka juu yako na rafiki zako wawili. Voisi ya huyo mama ni Elifazi mwenye bando.

Nisikufiche upande mwingine, maana ukienda kumjibu atakuletea. Talmudi, kwenye sehemu nyingine inayoitwa Berakhot, inasema pia mtu akiona mateso yamemjia, ayakague matendo yake. Ipo. Ila ona anayeambiwa ni nani, ni mwenye mateso, kwa matendo yake. Na maneno yanaendelea, akikagua asipate kitu ayaweke kwenye uzembe wa kusoma Torati, na huko napo asipopata kitu, basi ajue ni mateso ya upendo, ambayo hayana hesabu ya kosa. Yaani hata wao waliacha mlango wa "sijaona kitu" wazi kabisa.

Tena ukurasa unaofuata, kama kwamba mtu aliogopa tusije tukaipenda hiyo nadharia, kuna kisa cha Rabi Yohanan, mtu aliyezika watoto kumi na alikuwa anatembea na mfupa wa yule wa kumi. Alimtembelea mwenzake mgonjwa akamuuliza, mateso yako unayapenda? Akajibu siyataki, wala thawabu yake siitaki. Akamwambia nipe mkono wako. Akampa, akamwinua. Baadaye Yohanan mwenyewe akaugua, akaja Rabi Hanina, swali lile lile, jibu lile lile, mkono, akamwinua. Talmudi inauliza kwa nini Yohanan asijiinue mwenyewe? Inajibu, mfungwa hajitoi mwenyewe gerezani. Hakuna aliyeuliza mwenzake kasafisha nini.

Na hao mabingwa wenyewe wa Kabala je? Isaac Luria, Ari, mkubwa wao kuliko wote baada ya Zohar, yule ambaye wanafunzi wake waliamini anasoma hali ya roho ya mtu kwa kumwangalia paji la uso, alifika Safed 1570 na 1572 akafa kwa tauni ana miaka 38. Kama nje ingekuwa kioo cha ndani kwa hesabu ile ya huyo mama, Luria alikuwa na nini ndani? Simulizi zinasema wanafunzi walijilaumu wao, na mimi hapo nasikia msiba ukiongea kuliko mafundisho. Halafu mfikirie Kalonymus Kalman Shapira, rabi wa Piaseczno, aliyehubiri ndani ya geto la Warsaw, mtaa ambao Wanazi waliwafungia Wayahudi, baada ya mwanae kufa kwa mabomu ya Wajerumani Septemba 1939. Mwanzoni alikuwa anawaambia watu mateso kama haya taifa letu limewahi kuyapita. Mwisho wa 1942 alirudi kwenye maandishi yake mwenyewe akaongeza chini kwamba hapana, kama haya hayajawahi kuwepo. Aliyafukia, yeye akauawa 1943, yakapatikana baada ya vita. Mtu wa ndani kabisa wa elimu hii, na ilipofika hapo aliliacha neno lake la zamani lianguke, hakuwalazimisha watu wake wawe wametenda kitu kinacholingana na kile.

Kwa hiyo unafanya nini na kioo? Unakigeuza kikuangalie wewe, na unakiuliza kitu kidogo. Baal Shem Tov, akijenga juu ya Luria, alifundisha kwamba ndani ya kila kitu kuna cheche za utakatifu zilizoanguka, na chakula unachokula, nguo, vyombo, hata watu wanaokuzunguka, vina cheche za mzizi wa roho yako, zinakusubiri wewe uziinue. Mi naona hilo linakufaa zaidi wodini kuliko habari za kusafisha. Swali la "hii imetoka wapi ndani yangu" unaliweka chini, unachukua "hapa nina nini cha kuinua". Pengine ni uji wa saa kumi na mbili. Pengine ni kumsikiliza akilalamika kuhusu pikipiki bila kumkatiza. Pengine umegundua unamkaripia kwa sababu unaogopa hela, hapo kioo kimefanya kazi yake halali kabisa, hofu ni yako, ilikuwa imevaa sura ya uzembe wake.

Bosi naye vivyo hivyo, usichanganye. Kinachokupanda ukimwona, hicho kagua, labda na wewe kuna mtu unamcheleweshea chake, dada wa kazi, fundi, mkopo wa shoga yako. Ila mshahara udai, tena kwa maandishi. Torati hiyo hiyo kwenye Kumbukumbu 24 inasema kibarua apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijachwa, hakuna rabi aliyesema kibarua akatafakari kwanza kwa nini hajalipwa.

Kuhusu huyo mama wa kwenye grupu, nilikuwa nimeandika aya nzima ya kumjibu, kali, na ile ya Elifazi mwenye bando nimeiacha maana naipenda. Halafu nikajiuliza mbona imenipanda hivi, mtu simjui. Nikakumbuka mwaka fulani mwanafunzi wangu alifiwa na mama yake, akaja ofisini, na mimi nikampa somo zuri sana la dakika arobaini kuhusu maana ya mateso katika dini mbalimbali. Alinishukuru, akatoka, nusu ya pili ya muhula hakuonekana tena darasani kwangu. Kwa hiyo aya nimeifuta. Wewe kama unaweza mwambie tu umeumia, kama huwezi toka kwenye grupu kimya kimya, hamna anayekudai maelezo.

Na ukipata nafasi niandikie mdogo wako anaendeleaje, wamesema vyuma vinatoka lini?